Kupima uimara wa kiti kwa kufuata kinavyotumiwa na mteja: mwongozo kwa karakana ndogo

Oda yangu kubwa ya kwanza ilikuwa viti 24 vya mninga kwa mgahawa mmoja Dodoma. Kabla ya kuvipakia nilivijaribu kama wanavyofanya mafundi wengi hapa Keko, Dar es Salaam: nilivikalia, nikajitikisa, kisha nikamwomba mwenzetu mwenye mwili mkubwa asimame juu ya kila kimoja. Hakuna kilicholia. Baada ya miezi minane mwenye mgahawa akapiga simu kusema viti saba vinacheza. Nikasafiri. Nilivipindua vyote miguu juu, nikakuta vyote saba vimelegea mahali pamoja, pale upapi wa ubavuni (mbao ya chini ya kikalio inayounganisha mguu wa mbele na wa nyuma) unapoingia kwenye mguu wa nyuma. Vingine vinne, ambavyo mwenyewe hakuvitaja, vilikuwa vimeanza.

Jaribio langu lilikuwa limekipima kikalio, na kikalio hakuna aliyekivunja. Wateja wa mgahawa ule walipomaliza kula walijiegemeza nyuma, kiti kikisimama kwa miguu miwili, tena katika mji wenye hewa kavu kuliko ya Dar es Salaam nilikokiundia. Tangu siku hiyo nimeacha kutunga majaribio kichwani. Kwanza natafuta kujua kiti kinatumiwaje na kinaharibika wapi, ndipo naunda jaribio. Hapa naeleza njia hiyo kwa kutumia kiti cha mgahawa, kwa sababu ndicho ninachokijua zaidi. Kitanda, meza au dawati hufuata njia ileile, uwe Keko au kando ya Ngong Road, Nairobi.

Hatua ya 1: Chagua bidhaa moja, uliza swali moja

"Samani zangu zinadumu?" ni swali pana mno, halina jibu. "Kiungo cha mguu wa nyuma cha kiti hiki kinakaa muda gani kwenye mgahawa wenye watu wengi?" linajibika. Anza na bidhaa uliyokwisha kuuza kwa makumi na ambayo wanunuzi wake bado unawafikia kwa simu.

Hatua ya 2: Kila kiti kiwe na namba yake

Bila namba utabaki na hadithi tu. Ichome chini ya kikalio kwa chuma cha moto au igonge kwa muhuri wa chuma. Kalamu hufutika kwa maji ya sabuni, na kibandiko hubanduka. Namba kama 2403-17 inatosha: mwaka 2024, mwezi wa tatu, kiti cha kumi na saba.

Kwenye daftari, mbele ya namba hiyo, andika aina ya mbao na ulikoinunua, unyevu wake siku ya kukata kama una kipimo, gundi uliyotumia, fundi aliyechonga viungo, mnunuzi na mji kiti kinakokwenda. Jina la fundi liandikwe kwa ajili ya kujifunza. Siku utakayolitumia kumkata mtu ujira, ndiyo siku ambayo daftari litaanza kudanganya.

Hatua ya 3: Kusanya taarifa za matumizi

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo wengi wanapoharakisha.

Tatizo la kwanza ni heshima zetu wenyewe. Ukimpigia mama mwenye mgahawa ukasema, "Shikamoo mama, viti vinaendeleaje?" atakujibu, "Marahaba mwanangu, vizima tu, hatujambo." Hakudanganyi. Anakupa salamu. Kiti chenye mguu uliogongelewa misumari mitatu na fundi wa jirani kwake ni kizima, maana bado kinakalika. Kwa hiyo usiombe maoni, omba kitendo. Maneno ninayotumia baada ya salamu ni haya:

"Mama, naomba mtu mmoja ashike kila kiti kwa egemeo akitikise mbele na nyuma. Vingapi vinacheza?"

"Kuna kilichowahi kugongelewa msumari, kufungwa waya au kutiwa gundi tangu vifike?"

"Kuna vilivyowekwa stoo au kupelekwa nyumbani? Namba zake ni zipi?"

Swali la tatu usiliache. Viti vibovu huondoka ukumbini kimyakimya. Ukienda kukagua ukaangalia vilivyopo mezani tu, utarudi na furaha ya uongo, kwa sababu umekutana na vile vilivyonusurika.

Piga simu kwa ratiba: mwezi wa kwanza, wa sita, wa kumi na mbili, wa kumi na nane. Picha za WhatsApp zinasaidia sana, ila omba mbili za kila kiti chenye shida: moja ikionyesha kiti chote, nyingine ya karibu ikionyesha kiungo na namba. Ya karibu peke yake hukuacha ukibahatisha ni mguu upi.

Simu haitoshi. Kwa wateja wawili au watatu, nenda mwenyewe, nunua chakula, kaa saa moja wakati wa watu wengi na uhesabu. Chagua meza moja yenye viti vinne. Wangapi wamekaa? Wangapi wameinua miguu ya mbele? Kiti kimeburutwa mara ngapi, na sakafu ni saruji, vigae au udongo? Wakati wa kufagia, viti vinapandishwa juu ya meza au vinasukumwa kwa mguu? Nani anavibeba jioni, na anavishika wapi? Saa moja ya namna hiyo ilinifundisha mambo ambayo miaka yangu ya kuunda viti haikunifundisha. Sikujua, kwa mfano, kwamba wahudumu hukivuta kiti kwa upapi wa juu wa egemeo, kikiburuzika kwa mguu mmoja wa nyuma, mara nyingi kwa siku.

Hewa nayo ni sehemu ya matumizi. Mbao huvuta na kutoa unyevu hadi ilingane na hewa iliyoizunguka. Hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 75, mbao hutulia kwenye unyevu wa asilimia 14 hivi. Hewa ikiwa ya asilimia 50, mbao hushuka hadi karibu 9. Ulimi, yaani ncha ya upapi inayoingia kwenye tundu la mguu, uliobana vizuri Keko, ukifika bara kwenye ukavu, husinyaa ndani ya tundu lake, na gundi iliyokwisha kukauka haina uwezo wa kuufuata. Kwa hiyo andika mji, na andika kama kiti kinakaa ndani, barazani au juani.

Kuhusu siri za watu: taarifa unazokusanya ni za viti, lakini zimefungamana na majina, namba za simu na picha za ndani ya biashara za watu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Kenya ina yake ya 2019. Mweleze mteja unakusanya nini na kwa nini, omba ridhaa yake, usipige picha wanaokula, na daftari la majina liwe mbali na daftari la namba za viti.

Hatua ya 4: Uharibifu uandikwe kwa maneno yaleyale

Mmoja akiandika "kinacheza", mwingine "kimelegea" na wa tatu "kibovu", hutaweza kuhesabu chochote. Tengeneza orodha fupi mkubaliane karakanani. Yangu ina saba: kiungo kimelegea, kiungo kimechomoka, mbao imepasuka, mbao imevunjika, skrubu imekatika au imeng'oka, vanishi imebanduka, mbao imebunguliwa. Kila tukio lipewe mahali pake (mguu wa nyuma kulia, upapi wa mbele, egemeo), tarehe lilipogunduliwa na namba ya kiti.

Hilo la kubunguliwa usilidharau. Unga mlaini chini ya kiti ni dalili ya wadudu, mara nyingi katika ile sehemu nyeupe ya nje ya gogo ambayo fundi aliiacha ili apate upana. Mtambo wa kujaribia viti, tutakaouunda Hatua ya 7, hautakuonyesha hilo. Dawa yake iko kwenye uchaguzi wa mbao, na itoe kabisa kwenye hesabu zinazofuata.

Hatua ya 5: Hesabu vilivyoharibika pamoja na vizima

Kosa ninaloliona mara nyingi ni kuchukua viti vilivyoharibika na kuvigawanya kwa vyote vilivyouzwa. Inaonekana ni sawa, lakini viti vilivyouzwa mwezi jana havijapata nafasi ya kuharibika, na vingine umevipoteza, mgahawa umefungwa au simu haipatikani.

Tuseme, kwa mfano wa kujifunzia tu, umeuza viti 60.

Katika miezi 6 ya kwanza umevifuatilia vyote 60, vimeharibika 3. Vilivyopita ni 57 kati ya 60, yaani asilimia 95.

Kati ya hivyo 57, 17 viliuzwa karibuni na havijafika mwezi wa 12. Unabaki na 40 unavyovifahamu. Hapo vimeharibika 6, vimepita 34, sawa na asilimia 85.

Kati ya 34, 14 vilikuwa kwenye mgahawa uliofungwa. Unabaki na 20. Hadi mwezi wa 18 vimeharibika 5, vimepita 15, asilimia 75.

Sasa zidisha: 0.95 mara 0.85 mara 0.75. Unapata 0.61 hivi. Maana yake, kiti chako kina nafasi ya asilimia 61 tu kufika mwaka mmoja na nusu kikiwa kizima. Kwa hesabu ya haraka ungesema vimeharibika 14 kati ya 60, kwa hiyo asilimia 77 ni vizima, na ungelala usingizi. Njia hii ya kuzidisha ilichapishwa na Kaplan na Meier mwaka 1958, na imetumika sana hospitali kufuatilia wagonjwa. Kwa kiti inahitaji daftari na kikokotoo cha simu.

Fanya hesabu hiyo kwa kila mahali pa uharibifu, peke yake. Kwangu mguu wa nyuma ulibeba karibu shida zote, na egemeo ambalo nilikuwa nalipachika skrubu za ziada halikuwa na tatizo hata moja. Gharama nilikuwa naiweka pasipohitajika.

Hatua ya 6: Geuza matumizi kuwa mzigo na idadi ya mizunguko

Sasa unachukua ile saa moja ya kuhesabu. Usitumie mteja wa wastani, tumia yule anayevitumia viti kwa nguvu zaidi katika daftari lako. Chukua mgahawa wa stendi: kiti kimoja kinakaliwa mara 40 kwa siku, siku 30, miezi 12. Ni mara 14,400 kwa mwaka, na kwa miaka 5 ni 72,000. Katika saa yako uliona watu 18 wakikaa, 4 kati yao wakaegemea hadi miguu ya mbele ikanyanyuka. Kwa kiwango hicho, egemeo hubebeshwa hivyo mara 3,200 kwa mwaka, au 16,000 kwa miaka 5.

Hayo ni majaribio mawili tofauti. La kukaa lina mizunguko mingi na, kwa kiti hiki, hatari ndogo. La kuegemea lina mizunguko michache na ndilo linaloua.

Linganisha na viwango vya wenzetu ili ujue uko wapi. EN 12520 ya Ulaya, ya viti vya nyumbani, hutaka kikalio na egemeo zivumilie mizunguko 25,000, mzigo ukiwa niutoni 1,000 kwenye kikalio (kama uzito wa kilo 102) na 300 kwenye egemeo (kama kilo 30). EN 16139, ya viti visivyo vya nyumbani, huanzia 100,000. Wamarekani, katika kiwango chao cha viti vya ofisi BIFMA X5.1, hudondosha mfuko wa kilo 57 kwenye kikalio mara 100,000. Ni viwango vizuri na mteja mkubwa atakuuliza habari zake. Lakini havikuandikwa kwa kiti kinachoburutwa kwenye saruji na kuishi kwenye ukavu wa Dodoma. Vichukue kama mahali pa kuanzia, kisha ongeza yale daftari lako linayosema.

Kabla ya kuwasha mtambo, piga hesabu ndogo ya nguvu, maana huonyesha kwa nini kiungo kile ndicho kinachoumia. Msukumo wa kilo 30 kwenye egemeo, sentimita 40 juu ya kikalio, hugawanywa kwa viungo viwili: kilo 15 kila kimoja, mara sentimita 40, ni 600. Gawanya hiyo 600 kwa kimo cha upapi: ukiwa na sentimita 5, kiungo kinavutwa kwa nguvu ya kilo 120 hivi kila mara mtu anapojiegemeza. Ukiupa kimo cha sentimita 7, nguvu inashuka hadi kama kilo 86. Sentimita mbili za mbao zimepunguza zaidi ya robo.

Hatua ya 7: Unda mtambo wa kujaribia

Huhitaji maabara. Unahitaji mota yenye gia inayozunguka polepole, mkono wa chuma unaogeuza mzunguko kuwa mwendo wa kwenda na kurudi, fremu iliyochomelewa vizuri, magunia ya mchanga, na kihesabio cha kubofya. Chagua kihesabio kisichotegemea umeme, kwa sababu umeme ukikatika usiku hutajua mlifika wapi.

Weka kiti mbele ya fremu, zuia miguu ya nyuma isiteleze, weka magunia kwenye kikalio yakiwa na uzito uliouchagua, kisha mkono wa mtambo uvute egemeo. Kupata kilo 30 kamili, ning'iniza mizani ya ndoano kati ya kamba na egemeo, urekebishe hadi isome hivyo. Kama uliona watu wananyanyua miguu ya mbele, usiifunge: iache inyanyuke na kutua, kwa sababu kule kutua kwa kishindo ndiko kunakotikisa kiungo.

Kwa mizunguko 12 kwa dakika, jaribio la kuegemea la 16,000 linakwisha kwa saa 22 hivi. La kukaa la 72,000 linachukua saa 100. Zungushia wavu, na mtu yeyote asiweke mkono ndani wakati mota inazunguka.

Simamisha kwenye 1,000, 2,000, 4,000, 8,000 na 16,000. Kila mara, funga miguu ya kiti, vuta ncha ya juu ya egemeo kwa uzito wa kilo 5, pima kwa rula imesogea milimita ngapi. Amua kabla ya kuanza ni milimita ngapi utaziita kuharibika. Ukiamua baadaye, utakionea huruma kiti chako.

Suala la ukavu: mtambo hauwezi kuharakisha mbao kusinyaa. Ninachofanya ni kukiweka kiti wiki kadhaa kwenye chumba cha mabati kinachopata jua, nikipima unyevu hadi kifikie ule wa kule kinakokwenda, ndipo nakipandisha kwenye mtambo. Kiti nilichokipima kikiwa kimetoka mezani kilipita bila shida. Pacha wake, wa mbao ileile na mkono uleule, aliyekaa kwanza kwenye mabati, alilegea mapema sana, tena palepale pa Dodoma.

Hatua ya 8: Hakikisha mtambo unavunja kama wateja wanavyovunja

Chukua muundo wa zamani ambao tayari una historia, uujaribu kwanza kabla ya mpya. Kwa hesabu ya hapo juu, miezi minane kwenye mgahawa wa stendi ni kuegemea mara 2,100 hivi. Mtambo ukilegeza kiungo kilekile karibu na idadi hiyo, unaweza kuuamini. Ukipasua mguu mahali ambapo hakuna mteja aliyewahi kupasua, umezidisha mzigo. Ukifika 16,000 na kiti kiko imara, kuna kitu hujakiingiza: ukavu, kuburutwa, au watu wazito kuliko ulivyodhani. Rudi kwenye daftari, usiongeze kilo kwa kubahatisha.

Jaribu pia hadi kivunjike, usiishie kwenye "kimepita". Viti 30 vikipita vyote bila kimoja kuharibika, unachoweza kudai kwa uhakika wa asilimia 95 ni kwamba vitakavyoharibika havizidi kimoja kati ya 10. Karakana ndogo hujaribu vitatu au vinne, na kupita kwa vitatu ni ushahidi mwembamba mno. Lakini vitatu vilivyoendeshwa hadi kulegea, vikalegea kwenye 5,000, 6,000 na 7,000, vinakwambia mengi.

Kwa makochi maneno machache yanatosha. Kinachochoka kwanza ni sponji na mikanda ya mpira chini yake, kwa hiyo pima unene wa mto kwa rula siku ya kuuza na kila ukimtembelea mteja, sehemu ileile anayokaa baba mwenye nyumba kila jioni. Kitambaa kina mtambo wake wa kusugua uitwao Martindale; muulize muuzaji idadi ya misuguo kabla ya kununua jora.

Hatua ya 9: Badili kitu kimoja, urudishe kwa wateja walewale

Upapi mpana zaidi, ulimi mrefu zaidi, mbao iliyokaushwa zaidi, gundi nyingine: kimoja kwa wakati. Ukibadili vyote, kiti kitakuwa bora bila wewe kujua ulichokilipia.

Kiti kipya kikishinda kwenye mtambo, usiache kukifuatilia. Oda inayofuata ya mteja wako wa zamani, mpelekee nusu vya muundo wa zamani na nusu vya mpya, kwa ridhaa yake na kwa ahadi ya kumtengenezea bure vitakavyolegea. Namba za vipya ziishie na herufi B. Kisha vichanganye mwenyewe siku ya kushusha mzigo, kila meza ipate vya aina zote mbili. Vipya vyote vikikaa kwenye meza ya mlangoni, utakuwa unapima mlango. Mwambie mhudumu mkuu asivipange upya kwa kufuata herufi, mwachie namba yako ya simu, na uandike daftarini tarehe ya kumpigia ya kwanza: mwezi mmoja kutoka leo.